Oili chafu ibaki gereji

Ukitaka kuwagombanisha mafundi wa Mwanza, achana na habari za Simba na Yanga. Waulize mashine ya kukatia mawe iwekewe nini cha kupozea diski. Mmoja atakwambia dizeli, uchanganye na oili nzito kidogo. Mwingine atasema oili chafu, maana gereji wanakupa bure. Wa tatu atacheka na kusema diski za siku hizi hazihitaji kitu, wewe kata tu. Mimi nasema maji, na nasema hivyo nikijua kabisa kwamba kwa maisha ya diski yenyewe oili ni bora.

Nianze na hilo, kwa sababu wanaotetea maji wengi huliruka. Diski ya almasi haina makali. Ukingoni ina punje za almasi zilizoshikiliwa na chuma, na kila punje inapita ikikwangua jiwe kidogo kidogo. Kukwangua huko kunazaa joto. Almasi inasifiwa kwa ugumu, lakini hewani ikifika nyuzi 700 hivi za Selsiasi huanza kuungua, na kabla ya hapo diski yenyewe inaweza kuwa imepinda. Kwa hiyo unachokimimina pale kinatakiwa kipoze, kilainishe na kiondoe unga. Kwenye kupoza, maji hayana mpinzani: kilo moja ya maji inabeba joto kama mara mbili ya kilo moja ya oili kwa kila nyuzi inayopanda. Kwenye kulainisha, oili inaongoza kwa mbali. Ndiyo maana wenye misumeno mikubwa ya kupasulia mabamba, ile yenye mfuniko inayojiendesha yenyewe mpaka jiwe likaisha, hujaza oili nyeupe ya madini, na diski zao zinadumu.

Sasa tuangalie cha kwako. Una mashine ndogo ya kukatia marumaru, au mota ya pampu ambayo fundi wa Nyakato amekufungia shafti na diski ya inchi sita. Iko barazani, haina mfuniko, na watoto wa jirani wamejipanga wanaangalia. Oili kwenye mashine iliyo wazi namna hiyo haitulii kwenye beseni lililo chini ya diski. Diski inaipiga inakuwa ukungu, ukungu unaingia puani, unakaa kwenye nguo zilizoanikwa, na wali wa jioni unanukia gereji.

Hapo nimezungumzia oili safi. Dizeli ni kesi nyingine. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 55 hivi, na mafuta ya taa kuanzia 38. Mchana wa Mwanza haufiki huko, lakini ganda la mota iliyofanya kazi linafika bila shida, na mota zenye brashi hutoa cheche kila zinapozunguka. Ngozi nayo hukauka na kupasuka kwa dizeli ya kila siku. Oili chafu ndiyo mbaya kuliko zote: imebeba vyuma vilivyosagika ndani ya injini na masizi yenye kemikali za kusababisha saratani. Watu huipaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, na hata mchwa wenyewe hawaitaki. Wewe unaitia kwenye beseni na kuchovya mikono humo Jumamosi nzima!

Halafu kuna kulanti ya redieta, ile ya kijani kwenye maduka ya spea. Inazuia kutu kweli, na kuna wakataji wa nje wa zamani walioitumia. Nyingi zina glaikoli ya ethilini, sumu yenye ladha tamu. Mbwa, paka na mtoto anayetambaa wataionja kabla hujageuka. Kwangu haiingii.

Jiwe nalo lina la kusema. Mawe yenye vinyweleo hunywa oili na hayairudishi kirahisi. Opali, kito cha kijani cha Haneti, kule Dodoma, ukiikata kwa oili una hatari ya kuharibu rangi uliyoinunulia. Tanzanaiti haipendi joto la ghafla. Ukiiachia ipate moto kisha ukaimwagia maji baridi, inapasuka. Ndiyo maana maji yanatakiwa yawepo tangu diski inapogusa jiwe, siyo yaitwe baadaye kama zimamoto.

Ila kinachonifanya nisiyumbe ni mteremko. Mji huu umejengwa juu ya mawe. Igogo, Mabatini, Bugando, nyumba zimekaa juu ya majabali, na udongo wenyewe ni mwembamba wa kutafuta kwa kijiko. Ukimwaga beseni la tope lenye oili nyuma ya nyumba, halina pa kuzama. Linasubiri mvua. Mvua ya Machi ikishuka inalisomba hadi mtaroni, mtaro unalipeleka Mto Mirongo, na Mirongo unapita katikati ya mji kuelekea ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambazo shughuli za kuharibu mazingira haziruhusiwi. Nzuri, lakini maji ya mvua hayapimi mita. Aliyeko mlimani Bugando ana ziwa mlangoni sawa na aliyeko Mwaloni ufukweni, na ziwa hilohilo ndilo tunalolinywa na kulivua dagaa.

Wenye oili wana hoja moja ya kweli dhidi yangu: kutu. Maji matupu yanakula diski, shafti na beringi. Dawa ya kwanza haiuzwi: ukimaliza kazi, toa maji yote yaliyomo kwenye beseni, iache diski izunguke kidogo ikiwa haina maji ijikaushe, kisha ipanguse. Diski iliyolala ndani ya maji hushika kutu upande uliozama. Dawa ya pili ni kuyapa maji alikali kidogo, yaani kinyume cha tindikali, kwa sababu chuma hakipati kutu haraka humo. Soda ya kufulia inafaa. Magadi pia yangefaa, tatizo ni kwamba magadi yetu ya maziwani huja na chumvi ndani yake, na chumvi inaita kutu uliyokuwa unaifukuza. Na kama beseni au mkono wa mashine yako ni wa alumini, usitie soda wala magadi, vitaitafuna alumini.

Kuna watu wanatia sabuni ya vyombo. Tone moja linasaidia maji yashike jiwe. Ukizidisha unapata povu, na chini ya povu huoni mstari uliouchora.

Ninachokipenda zaidi ni ile oili inayochanganyika na maji, ambayo mafundi wa lathe, mashine ya kuchongea vyuma, hutumia na ikichanganywa inakuwa nyeupe kama maziwa. Sehemu moja ya oili kwa 30 au 40 za maji inatosha kwa mawe. Unapata upozaji wa maji, ulainishaji kidogo, na kinga dhidi ya kutu. Ubaya wake ni kwamba huoza. Iache wiki mbili kwenye joto la hapa bila kuitumia na utajua kwa harufu kabla hujafungua mlango. Kwa hiyo changanya kidogo, ya kazi ya siku hiyo. Nayo pia isiende mtaroni.

Mafuta ya alizeti? Nimeyasikia yakisifiwa kwamba hayana sumu. Hayana, ni kweli. Ila yakikaa hewani yanaganda kuwa gundi na kuoza, na gundi iliyochanganyika na unga wa itale, yaani graniti, ni kazi ya patasi. Yapikieni.

Na yule wa tatu, wa kukata kavu, simwelewi kabisa. Haya mawe tunayojivunia ni itale, na kwenye madini meupe ya itale angalau moja ya tano ni kwazi (quartz). Unga wake una silika, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya fuwele kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1997. Kabla ya saratani kuna silikosisi, mapafu yanayokakamaa yasipone, na mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kirahisi. Wachimbaji wanalijua hilo. Maji hupunguza vumbi sana, hayalimalizi: ukungu wa diski una chembe ndani, na tope lililokauka kwenye shati ni vumbi tena ukilikung'uta. Vaa barakoa inayobana usoni. Safisha tope likiwa bado bichi, kwa kitambaa chenye maji, wala usishike ufagio.

Jambo la umeme nitalisema mara moja: grainda ya kawaida ya mkononi haikutengenezwa kumwagiwa maji. Kama ndiyo pekee uliyonayo, mawe yasubiri upate mashine ya meza yenye beseni, waya wa ardhi, na swichi inayokata umeme yenyewe unapovuja.

Kuna mahali nakubali mafuta, nako ni kwenye kung'arisha kwa unga laini wa almasi. Tone la mafuta ya cherehani, au yale mepesi ya watoto ambayo kwa kawaida ni oili ya madini iliyotiwa manukato, hukaa pale unapoyaweka na hayarushwi. Kiasi chake ni cha kupaka kucha, hakuna cha kumwaga popote.

Tope la maji matupu halina makuu. Liache ndooni litulie usiku, maji ya juu yatumie tena, na uji uliobaki chini uchanganye na sementi ukiwa bado mbichi, uzibie nyufa za ngazi. Diski itaisha mapema kuliko ya mwenzako wa oili, hilo silipingi. Ingiza kwenye bei ya jiwe. Siku utakayopata msumeno wenye mfuniko, na mahali pa kuichujia oili uitumie tena badala ya kuimwaga, njoo tubishane upya.