Nyumba ya Muda Iliyosimama Tangu 1958

Mthamini tuliyemlipa wenyewe, kwa fedha iliyochangwa na wajukuu wote, alikaa katika nyumba ya babu yetu pale Kayenze, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, kwa muda usiofika nusu saa, akaizunguka mara moja, akagonga ukuta kwa kidole, kisha akaandika kwenye fomu yake: "Nyumba ya muda. Matofali mabichi. Chakavu." Katika kikao cha ukoo fomu hiyo ilisomwa kwa sauti kama hukumu, na hapakuwa na aliyekata rufaa. Ilikubaliwa kwamba nyumba ibomolewe, kiwanja kigawanywe, na mwenye uwezo ajenge "ya kisasa". Siku ile nilinyamaza kwa kuwaheshimu wakubwa. Hapa sinyamazi.

Nyumba ya muda! Guku, ndivyo Wasukuma tunavyomwita babu, aliijenga mwaka 1958 kwa fedha ya pamba, wakati vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 chini ya Paul Bomani vilipokuwa vimeanza kumwokoa mkulima wa Usukuma na mizani ya wachuuzi. Majirani wengi bado walilala katika misonge ya nyasi, naye alitaka nyumba ya pembe nne. Udongo ulichimbwa kwenye kichuguu, kwa sababu udongo wa mchwa hushikana kuliko ule wa shambani, ukachanganywa na nyasi zilizokatwakatwa na kukanyagwa kwa miguu na vijana wa nsumba ntale, yaani kikundi cha kazi cha vijana wa kijiji chini ya kiongozi wao, ambao ujira wao ulikuwa nyama na pombe. Matofali yalifyatuliwa kwa kibao, yakafunikwa nyasi ili yakauke polepole bila kupasuka. Msingi ulikuwa wa mawe, na katika mkoa wetu huu hakuna aliyewahi kwenda mbali kutafuta jiwe. Kuta zina unene wa futi moja na nusu, na ukiingia saa nane mchana, wakati bati za majirani zinalia kwa joto, utadhani umeingia chini ya mwembe.

Miaka mitatu baadaye zikaja mvua za uhuru. Ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, waliojenga karibu na maji wakahama, lakini nyumba hii ya muda, iliyokuwa juu ya mwinuko, haikutikisika. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamisha watu kutoka makwao na kuwakusanya katika vijiji vilivyopangwa. Kwa bahati mstari wa kijiji ulichorwa upande wetu, kwa hiyo badala ya kuezuliwa paa tukaletewa wageni, na kwa miezi kadhaa familia tatu zililala sebuleni. Mmoja wa shangazi zangu alizaliwa humo katika msongamano huo, na bibi alikuwa akisema kwamba mtoto yule alijua majina ya majirani kabla ya kujua jina lake.

Ikiwa udongo haukuiangusha nyumba hii kwa miaka hiyo yote, ni nini kilichoichakaza? Ni sisi, tena kwa mapenzi mema. Paa la nyasi lilikuwa na upenu mpana ulioshuka chini na kuukinga ukuta na mvua ya upepo kutoka ziwani. Miaka ya themanini wajomba wakaezeka bati, na kwa kuwa bati ni ghali, wakalikata sawasawa na ukuta. Kuanzia siku hiyo kila mvua ilipiga udongo moja kwa moja. Bibi alijitahidi kukandika kila kiangazi, kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, lakini mikono ya kumsaidia ilikuwa imekwenda mjini, nasi tulituma fedha. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 fedha hizo zikanunua saruji, fundi akapiga lipu kuta zote, nyumba ikapendeza, tukapiga picha. Saruji na udongo haviendi pamoja. Saruji ni ngumu na haipumui. Ukuta wa udongo hujongea kidogo kila msimu, lipu hupasuka, maji huingia kwenye ufa na kukosa pa kutokea, ukuta huoza kwa ndani, na lipu ikidondoka hudondoka na kipande cha nyumba. Huo ndio uchakavu alioupima mthamini wetu. Alipima saruji, akaandika udongo.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Papasi, kupe wanaojificha kwenye sakafu ya udongo, wapo, au walikuwapo, na mtu aliyewahi kuugua homa yao hawezi kuniacha nisifie sakafu ya udongo bila kunikatiza. Sakafu na isakafiwe, siku hiyo hiyo. Mchwa nao wamekula fremu mbili. Lakini hayo ni ya sakafu na milango, hayatoshi kuzihukumu kuta.

Kule Djenné, nchini Mali, msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa mwaka 1907 hukandikwa upya na wenyeji wa mji mzima kila mwaka, na kabla ya vita vilivyoanza mwaka 2012 dunia ilikuwa ikipanda ndege kwenda kuushangaa. Sisi tunawapeleka watoto Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakaone jinsi mababu walivyoishi, tunalipa kiingilio, halafu tunarudi nyumbani kubomoa.

Nilipomweleza baba mdogo haya yote kwa simu, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, "Mwanangu, wewe mara ya mwisho ulikandika lini?" Nilikuwa darasa la sita. Nimeomba likizo ya wiki mbili mwezi Agosti, kabla mvua za vuli hazijaanza, ili nianze na ukuta wa magharibi, ule unaotazama ziwa. Baba mdogo amesema atatafuta kichuguu, ila hatakanyaga.