Mchezaji wa besiboli ana pa kurudi, wa kwetu hana

Nyumbani Tanzania kijana akionekana UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, klabu za soka zinaanza kumtafuta na mara nyingi daftari linafungwa hapo. Anasaini kwa dau atakalotajiwa kwa sababu hana pengine pa kwenda. Huku Marekani nako timu zinapenda pesa zao kuliko watoto wa watu, ila kijana wa besiboli anaingia kwenye mazungumzo na kiti chake chuoni bado kina joto. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa, kuliko viwanja, kuliko hata dola.

Kanuni iko hivi: akishajiunga na chuo cha miaka 4, timu za MLB, ligi kuu ya besiboli, haziruhusiwi kumteua (kumchagua kwa zamu kati ya vijana wapya) mpaka amalize mwaka wa 3 au atimize miaka 21. Vyuo vya miaka 2 havina kizuizi hicho. Uteuzi hufanyika Julai, timu 30, raundi 20 (zamani zilikuwa 40). Mwanao akisoma chuo huku, hata kwa pasipoti ya Tanzania au ya Congo, anapita mlango huohuo. Aliyeko Afrika husajiliwa moja kwa moja, kama Gift Ngoepe wa Afrika Kusini: Pittsburgh Pirates walimchukua 2008, na 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza MLB.

Sasa tazama bei. Katika raundi 10 za kwanza kila nafasi ina bei elekezi, na jumla ya bei hizo ndiyo mfuko wa timu. Timu ikiuzidi mfuko inatozwa kodi. Ikizidi sana inapoteza nafasi za uteuzi za miaka ijayo. Kwa hiyo inabana huku ili imwage kule, na wa kubanwa ni yule aliyemaliza chuo. Hana msimu mwingine wa kurudia, nao wanalijua hilo, basi wanamwandikia dola elfu chache mahali ambapo bei elekezi inasema laki na zaidi. Mwenzake wa mwaka wa 3, mkono uleule, kasi ileile, akisema "narudi shule" wanaongeza.

Kuna mtego mwingine, nao ni gongo (la besiboli, si lile la kulewesha). Chuoni wanapigia alumini. Gongo la inchi 33 haliruhusiwi kuwa chini ya aunsi 30. Mpira ukigusa karibu na mshiko, alumini inasamehe: unapaa juu ya vichwa vya walinzi wa ndani na kudondoka nyasini. Pigo hilohilo kwa gongo la mbao, mbao inapasuka na mpira unajiviringisha mpaka kwenye glavu ya mlinzi. Kwenye ligi za kulipwa ni mbao tupu. Ndiyo maana maskauti (wasaka vipaji wa timu) hujaa Cape Cod, Massachusetts, kwenye ligi ya kiangazi ya wanachuo inayochezwa kwa mbao. Aliyetamba kwa alumini akapotea kwa mbao, dau lake linashuka.

Akishasaini, ndugu nyumbani wanaanza kupiga simu za ada na mabati. Wapole kwanza. Kuna kambi za Florida na Arizona, halafu ngazi 4 za ligi za chini, mechi zaidi ya 130 kwa msimu, safari nyingi za basi. Mkataba wa wachezaji wa 2023 uliweka dola 26,200 kwa mwaka ngazi ya chini kati ya hizo 4, na 35,800 ya juu kabisa. Malazi yanatolewa na timu. MLB yenyewe kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa 760,000. Wengi hawaifiki. Mrushaji akichanika kano ya kiwiko anafanyiwa upasuaji na kukaa nje miezi 12 hadi 18, huku wapya wanateuliwa kila Julai.

Sisemi soka letu lisubiri mtu afike miaka 21; kwenye soka huyo kashachelewa. Kinachoigika ni kifungu kimoja cha mkataba: kabla ya kusaini, kijana wa besiboli anaweza kudai timu imlipie masomo yaliyobaki, kiasi kikatajwa kwa tarakimu, kwa sharti kwamba arudi darasani ndani ya miaka 2 tangu aache mchezo. Ahadi ya mdomo ya skauti haihesabiki. Klabu ya kwetu inayomchukua kijana wa kidato cha tatu ingeweza kuandika ada yake vivyo hivyo, kwenye karatasi ileile yenye dau.