Bibi Q Alivyoniitishia Kikao cha Ukoo

Kwanza ieleweke kwamba ndoa yangu ipo. Nasema hivi kwa sababu huku Uyole, Mbeya, bado kuna watu tukikutana kwenye bajaji wananipa pole, na mmoja alishaulizia kama kabati nitaliuza. Sijamwacha mtu. Niliyemtoa ni herufi.

Chanzo ni Ticha, jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Shule ameiacha, kufundisha hajaacha. Ana ubao wa Scrabble, mchezo wa kupanga herufi ziwe maneno ya kupewa alama, anaoutunza kuliko hati ya kiwanja: visanduku 15 kwa 15, na vibao 100 vya herufi ndani ya mfuko ulioshonwa kwa mguu wa suruali yake ya harusi. Mwezi wa saba, baridi ya Uyole ikianza kuuma masikio, kila mtu anatafuta pa kujipashia moto. Sisi wawili tunakaa kibarazani kwa Ticha, jiko la mkaa katikati ya miguu, chai ya tangawizi pembeni, tunagombania Kiingereza.

Kwa Ticha kuna sheria ambayo haimo kwenye karatasi ya mchezo. Ukiweka neno, lazima utaje maana yake kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani. Usipoitaja, unaondoa vibao vyako. Sheria hii ilizaliwa siku aliposikia habari za Nigel Richards wa New Zealand, yule bwana aliyechukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa chenyewe hakijui. Alikariri maneno tu. Dunia nzima ilimpigia makofi. Ticha alikosa hamu ya kula. "Ule ni ukasuku!" anasema mpaka leo, na ole wako uwe umemtembelea siku hiyo.

Ana tabia nyingine: herufi kwake ni watu. Z ni Mzee Z. Q ni Bibi Q, na mume wake ni U, kwa sababu kwenye Kiingereza cha kawaida bibi huyu hatoki nje bila mumewe. Aliyebuni mchezo, Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati uchumi wa dunia ulipoanguka miaka ya 1930. Akakaa na magazeti, akahesabu kila herufi inajitokeza mara ngapi, na hesabu hiyo ndiyo iliyogawa vibao. E wako 12 na thamani ya kila mmoja ni alama 1. Q yuko peke yake, ana alama 10. Utamu uko hapo na sumu iko hapo hapo, maana mwenzako akimaliza vibao vyake wewe ukiwa bado umemshika Bibi Q, unakatwa 10 na yeye anaongezewa 10. Na akina U wako wanne tu mfuko mzima.

Kwa hiyo kila mchezaji wa kweli anajifunza maneno ambayo Bibi Q anatembea bila mume. Wazungu wanayakariri kwa jasho. Sisi tunakula bure! Mengi ya maneno hayo Kiingereza kiliyachukua kwa Waarabu, na Kiswahili kilishapita dukani humo zamani. QADI ni kadhi. FAQIR ni fakiri. NIQAB ni nikabu, QIBLA ni kibla, WAQF ni wakfu, QASIDA ni kasida. Unatoa K ya kwetu, unaweka Q, unachukua alama. Si kila mahali lakini. Mpwa wake Ticha aliwahi kuweka QITABU kwa kujiamini kabisa, na Ticha akacheka mpaka chai ikamtokea puani.

Jioni yenyewe, mke wangu alikuwa kwao Tukuyu kusaidia maandalizi ya sendoff ya mdogo wake. Nyumba ya wakwe ilijaa akina mama wanaomenya ndizi, mashangazi wanaosimamia akina mama wanaomenya ndizi, na wazee wanaosubiri ndizi. Mimi nilibaki Uyole kulinda nyumba, yaani kucheza Scrabble.

Mkaa wa Ticha ukaelekea kuisha. Nikampigia Mama Mkaa, hakupokea, nikaitumbukiza simu kwenye mfuko wa koti. Sasa kwenye simu yangu, chini kidogo ya Mama Mkaa, yupo Mama Mkwe. Wanaanza na M na K wote wawili, halafu kila mmoja anashika njia yake. Simu, huko gizani mfukoni ikisuguana na funguo, ikachagua yenyewe.

Mama mkwe wangu hupokea kila simu kwa laudispika, kwa kuwa sikio moja limechoka. Akapokea. Akasema haloo, haloo, hakujibiwa. Ukumbi mzima ukatulia ili mama asikie. Haya ndiyo waliyoyasikia, kwa mpangilio niliosomewa baadaye kutoka kwenye daftari:

Sauti ya Ticha: "KHAT! Mirungi hiyo! Unaweza kuiandika KAT, KHAT au QAT, zote mirungi, na zote halali!"

Sauti yangu: "Mirungi yako kaa nayo. Mimi nahangaika na huyu bibi."

Ticha: "Bado unaye tu?"

Mimi: "Ninaye tangu mwanzo. Hana faida. Ananizibia nafasi ya wengine."

Ticha: "Mtoe mapema. Ukifika naye mwisho atakukomba mpaka kidogo ulichonacho."

Mimi: "Ningemtoa siku nyingi, shida mumewe simwoni."

Hapo kwenye mumewe, naambiwa, visu vyote vilisimama. Shangazi mkubwa aliweka ndizi chini na kumtazama mke wangu kuanzia kwenye kilemba mpaka kwenye kandambili.

Na mimi, masikini, ndipo nilipoiona A. Ilikuwa imetulia upande wa kulia wa ubao, na mbele yake njia nyeupe mpaka kwenye kisanduku chekundu cha pembeni, kile kinachozidisha neno zima mara 3. Mkononi nina T, nina A, nina L, nina bibi mwenyewe. Nikapanga kimoja kimoja, kibao cha Q kikalia kwenye chekundu, nikainuka kwenye kigoda kama sheria ya Ticha inavyotaka, na sauti ya darasani:

"Talaka! Mume kumwacha mke kwa kutamka! Mara tatu! Arobaini na mbili!"

Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. T, A, L na A ni 4, Q ni 10, jumla 14, mara 3 ni 42. Kabla Ticha hajachukua kalamu umeme ukakatika mtaa mzima, na simu, ambayo sikujua kwamba iko kazini, ikaisha chaji. Upande wa Tukuyu walibaki na neno la mwisho hewani na namba isiyopatikana.

Nililala vizuri sana usiku ule.

Asubuhi niko uani napiga mswaki, naona Noah inaingia kwa mwendo wa kesi. Akashuka baba mdogo wa mke wangu na daftari. Akashuka shangazi mkubwa. Akashuka mzee wa kanisa ndani ya makoti mawili. Akashuka shemeji, kijana wa bodaboda mwenye mabega, ambaye kawaida hunichekea. Mwisho akashuka mke wangu, macho yamevimba, kanga ameifunga kifuani. Nikasema "Shikamooni" na povu mdomoni. Marahaba haikutoka hata kwa mmoja.

Tukaingia sebuleni. Baba mdogo akafungua daftari.

"Mkwe, sisi ni Wamoravian. Rungwe kanisa lipo tangu 1891. Katika muda wote huo hatujazoea kuletewa talaka kwa simu, tena siku tunamenya ndizi za sendoff."

"Na tena mara tatu," alisema shangazi. "Moja haikukutosha?"

Mzee wa kanisa akakohoa. "Hata serikali haikubali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro uende kwanza kwenye baraza la usuluhishi, ndipo mahakamani. Wewe umeruka mpaka mwisho."

"Mirungi," alinong'ona shemeji, kama mtu aliyeshapata jibu la mambo mengi.

"Halafu," baba mdogo akafunua ukurasa, "umedai ng'ombe 42. Kijana, wewe ulitoa wanne. Na mmoja mpaka leo tunakudai."

Nilifungua mdomo kueleza. Jaribuni siku moja kuwaeleza wakwe zenu kwamba bibi mliyekuwa mnamzungumza ni herufi. Kila sentensi inazidi kuchimba. Nilipofika kwenye "bibi huyu kwa kawaida ana mume lakini jana hakuwa naye," shemeji alisimama. Nikaomba ruhusa ya kwenda kumleta shahidi.

Ticha alikuja amevaa tai. Ubao ameubeba kwa mikono miwili kama trei ya mayai, hatua fupi fupi, kwa sababu mchezo haukuwa umekwisha na hakutaka kibao hata kimoja kihame. Akauweka mezani, akavuta kiti, na kwa furaha ya mwalimu aliyepata tena darasa, akaanza kusoma neno moja baada ya lingine.

Baba mdogo aliinamisha miwani. "Hapa pameandikwa ZA. Za nini?"

"Za peke yake, mzee. Ni pizza kwa kifupi."

"Na hii YA?"

"Wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Hapana, mzee, maana yake ndiyo hiyo, wewe. Kiingereza cha mtaani."

"Hii AA?"

"Mawe ya volkano, yale yenye miparuzo. Jina limetoka Hawaii, ila hata Rungwe mlima wenu ni wa volkano."

"Aa!" alisema mzee wa kanisa, na kwa mara ya kwanza alionekana kuridhika.

Shangazi hakuridhika. "Ticha, hiki si Kiingereza. Hiki ni Kiswahili mmekikatakata." Kusema kweli sina hoja ya kumpinga. LA imo kwenye kamusi yao ya Scrabble, NA imo, SI imo. Mtu akikaa vizuri anaweza kucheza jioni nzima kwa viunganishi vya kwetu.

Tukafika kwenye TALAQ. Ticha akaigusa na ncha ya kalamu, akaeleza kisanduku chekundu, akazidisha 14 kwa 3 mbele ya wote. Baba mdogo akarudia hesabu kwenye daftari, pembeni ya ng'ombe. Mke wangu akanyoosha mkono, akakinyanyua kibao cha Q na kukigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Bibi mwenyewe ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Nimelia usiku kucha kwa ajili ya huyu? Hana hata mguu, ana kimkia."

Alianza kucheka yeye, akafuata shemeji, shangazi akacheka huku akikataa kwamba anacheka. Nikajua nimepona. Nikaagiza chai.

Lakini baba mdogo hakuwa amefunga daftari. Alisema maelezo ameyaelewa na anayakubali, ila neno lile lilitamkwa likaingia masikioni mwa mama mkwe na ukumbi mzima, na masikio hayana kifutio. Nitapeleka mbuzi Tukuyu kufuta kauli. La pili, neno lenyewe liondoke ubaoni, kwa kuwa kikao hakiwezi kufungwa huku talaka iko mezani.

Nikamgeukia Ticha anitetee. Alama 42! Ticha alinyoosha tai. "Kwa kanuni," alisema, "umeme ulikatika kabla alama hazijaandikwa." Akanirudishia vibao vyangu kimoja kimoja, T, A, L, na mke wangu akanikabidhi Q.

Halafu Ticha akasema tumalizie mchezo, maana kilichobaki ni kidogo na mashahidi wapo. Wakwe wakavuta viti. Nikatazama mkononi, moyo ukaruka: Q, A, T. QAT ilikuwa imekamilika na nafasi yake ubaoni naiona. Nikaweka Q, nikaweka A.

"Maana?" alidai Ticha.

"Mirungi," nilisema, kwa sauti ndogo.

Baba mdogo alitikisa kichwa bila hata kuangalia wenzake. "Dawa za kulevya mbele ya mzee wa kanisa? Toa."

Nikatoa. Ticha akaweka vibao vyake vya mwisho, akaibuka mikono mitupu, nikakatwa 10 za Bibi Q na yeye akaongezewa. Shangazi akauliza nani kashinda, akaambiwa Ticha, akasema alijua tangu aliposhuka kwenye gari.

Mbuzi alichinjwa Tukuyu siku ya sendoff. Ticha alialikwa kama shahidi mkuu, akapewa paja zima, na nauli yake ya kwenda na kurudi nililipa mimi.