Saa 100 za Mtu wa Makamo

Persona 5, gemu ya Kijapani iliyotoka 2016, humdai mchezaji karibu saa 100 kufika mwisho. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani akisubiri matokeo anazimaliza ndani ya wiki tatu. Mimi nina miaka 45, nina kazi, watoto wawili, na mama mzazi wa kupelekwa kliniki kila mwezi. Nikipata saa mbili na nusu Ijumaa usiku na nyingine kama hizo Jumamosi, ni saa tano kwa wiki. Saa 100 zinakuwa wiki 20. Karibu miezi mitano kwa hadithi moja, na hapo sijaondoa wiki za misiba, harusi na vikao vya harusi.

Mjadala wa watu wazima na gemu ndefu za hadithi, hizi ambazo wachezaji tunaziita RPG, ungepaswa kuanzia kwenye hesabu hiyo. Kwetu huanzia kwenye heshima: mtu mzima ameshika pedi ya kuchezea gemu, mvi zinachungulia, watoto wanamtazama. Upande huo naupita haraka kwa sababu hauna uzito. Mtoto wa miaka 12 aliyecheza Dragon Quest ya kwanza ilipotoka Japani mwaka 1986 sasa amevuka hamsini, na Yuji Horii aliyeibuni amezaliwa 1954. Waliobadilisha diski tatu za Final Fantasy VII mwaka 1997 wengi wao leo wanahangaikia ada za watoto wao. Huu ni mchezo uliokua pamoja na watu wake.

Ila naelewa dhana ya utoto imetoka wapi. Wengi wetu gemu ilitufikia kupitia banda la PS, yaani PlayStation. Unalipia mechi, unacheza mpira, ukifungwa unampisha anayefuata. Gemu ya hadithi haiishi bandani, maana hakuna atakayekaa kwenye benchi akusubiri usome mazungumzo ya wanakijiji mmoja mmoja. Kwa hiyo gemu ikabaki kichwani mwetu kama mpira wa dakika kumi, na tukimwona mtu wa makamo amekaa na mashine ileile saa tatu mfululizo tunadhani hajatoka bandani. Ukweli ni kwamba saa hizo tatu huenda alikuwa anasoma. RPG nyingi ni usomaji mtupu: mazungumzo, barua, vitabu ndani ya hadithi, kurasa kwa kurasa.

Sasa nieleze ninachokitetea, na nitakaa hapa kidogo.

Katika The Witcher 3, iliyotengenezwa Poland na kutoka Mei 2015, kuna mtu anaitwa Baroni wa Velen. Wewe ni Geralt, mwindaji wa mazimwi, na unamtafuta Ciri, msichana uliyemlea. Baroni ana habari zake, lakini anakupa sharti: umtafutie kwanza mkewe na binti yake waliopotea. Unaichunguza nyumba yake chumba kwa chumba, na kidogo kidogo unagundua kwamba hawakupotea. Wamemkimbia. Mzee yule alikuwa mlevi, akimpiga mkewe, na baada ya ugomvi mmoja mimba ikaharibika. Kile kitoto kilifukiwa bila jina wala taratibu za maziko, nacho kikarudi kuwa kizuka kinachotembea usiku.

Hapo unaachiwa uamuzi. Unaweza kukiua, nayo ndiyo njia fupi. Au unaweza kumlazimisha Baroni akibebe mikononi mwake kama mtoto, mtembee naye gizani hadi kwenye kizingiti cha nyumba yake, akizike pale mlangoni, akitamke kuwa ni binti yake na akipe jina. Jina analolitoa ni Dea.

Nilicheza sehemu hiyo nikiwa na miaka 36, mwaka mmoja baada ya mke wangu kupoteza mimba. Sisi hatukutoa jina. Watu walitupa pole, wakatuambia Mungu atawapa mwingine, nasi tukaitikia, mambo yakaendelea. Usiku ule sikuweza kuruka hatua hata moja ya safari ile, kwa kuwa gemu hairuhusu: unakwenda kwa mwendo wa yule baba, naye ana mzigo. Alipofika kizingitini nikaweka pedi chini. Nilikaa pale sebuleni taa zikiwa zimezimwa, kisha nikaenda kumwamsha mke wangu, tukazungumza jambo ambalo hatukuwa tumelizungumza mwaka mzima.

Ningekuwa na miaka 18, ningeona kizuka na ningetafuta upanga. Ndiyo maana nasema gemu hizi humfaa zaidi mtu wa makamo. Ameshazika. Ameshaoa au kuolewa, pengine ameshaachwa. Akiulizwa na hadithi amsamehe nani, ana watu halisi wa kuwafikiria. Na uamuzi anaufanya kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo riwaya, hata iwe nzuri kiasi gani, haimpi msomaji.

Upande wa pili nao sitaki kuupunguza uzito. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la ICD-11 lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, kuipa gemu nafasi ya mbele kuliko mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Watu wazima wengi ninaowajua wanaocheza hawako huko. Kisha kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wa mwaka 2022, uliowahusisha wachezaji karibu 39,000 na kutumia rekodi halisi za saa walizocheza. Uliona kwamba wingi wa saa haukuwa na athari ya maana kwa hali ya mtu. Kilichohusiana nayo ni sababu ya kucheza: anayecheza kwa kupenda hali yake ilikuwa nzuri kuliko anayecheza kwa kujihisi analazimika.

Wachezaji wenzangu wanaupenda sana utafiti huo, na wanautumia kufunga mjadala. Mimi naona umeacha mlango wazi. Ulimuuliza mchezaji hali yake. Haukumuuliza mkewe, wala mtoto aliyekuja na daftari la hesabu akaambiwa ngoja kidogo. Kwa kijana wa miaka 17 pengo hilo ni dogo. Kwa mtu wa makamo ndipo penye jambo lenyewe, kwa sababu saa zake nyingi si zake. Zina wenyewe.

Nalisema hili kwa kuwa limenikuta. Kuna Jumatano moja nilikuwa nakaribia mwisho wa gemu, nikajiambia nimalize tu, nikalala saa tisa usiku. Asubuhi nikampeleka mama kliniki. Daktari akabadilisha dozi yake ya presha: kidonge kizima asubuhi, nusu jioni. Mimi nikaandika kinyume, na siku mbili mama akanywa kinyume, hadi dada yangu alipokuja kusoma maandishi ya kwenye pakiti. Mama hakudhurika. Lakini nilijua kabisa saa zile za usiku nilikuwa nimezichukua kwa nani. Mwili wa miaka 45 haulipi deni la usingizi kwa kulala hadi saa nne asubuhi kama wa kijana, na hata ungeweza, nani atampa nafasi hiyo?

Kuna hoja nyingine, nayo ni nzito kwetu kuliko kwa wengine. Urefu wa hadithi haujawahi kuwa utoto katika Uswahili. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo, una beti zaidi ya 1,100, na ulikuwa wa kusomwa kwa sauti, watu wazima wameketi wakisikiliza vita vya Waarabu na Warumi. Kwa hiyo anayesema mtu mzima hana biashara na hadithi ya mashujaa ya usiku mwingi hajui kwao. Lakini utendi ulikuwa na barza. Mmoja anasoma, wengine wanaitikia, wanashangaa pamoja. RPG mtu huicheza peke yake, spika za masikioni zimeziba, kwa Kiingereza au Kijapani, na akizima mashine hakuna nyumbani anayejua kilichomliza. Mimi naona huo ndio upungufu wake mkubwa, kuliko hata saa zenyewe.

Nimejaribu kuuziba upungufu huo kwa njia moja. Binti yangu ana miaka 12, na mwaka huu tumeanza pamoja Dragon Quest XI, ambayo maudhui yake kwa umri wake hayana shida. Mimi nashika pedi, yeye anashika daftari. Kiingereza chake bado kinapanda, hivyo mazungumzo marefu namgeuzia kwa Kiswahili palepale. Hapo nimegundua kwamba kutafsiri kunanilazimisha niisikilize hadithi. Nikiwa peke yangu macho huteleza juu ya maneno. Mtoto akikuuliza "Baba, kasemaje?" huwezi kumjibu kwa kuteleza.

Sehemu inayonitatiza zaidi kwenye gemu hizi, niseme wazi, ni pumba. Saa 100 za hadithi si sawa na saa 100 za kujazia. The Witcher 3 hiyohiyo iliyonipa Baroni ina visiwa vya Skellige, na bahari yake imetapakaa alama za kuuliza kwenye ramani. Unapanda mashua, unavuka mawimbi, unafika kwenye alama, unakuta makasha yameelea majini. Kisha linalofuata, kisha linalofuata. Mtu wa makamo anayezifuata zote ameitoa Jumamosi yake kwa makasha. Hapo siwatetei watengenezaji hata kidogo. Urefu wa namna hiyo huwekwa ili mnunuzi aone fedha yake imepata kitu kikubwa, na anayelipa kwa saa ndiye mwenye saa chache kuliko wote.

Na haikuwa lazima. Clair Obscur: Expedition 33, iliyotoka Aprili 2025 kutoka kwa kampuni ndogo ya Montpellier, Ufaransa, hadithi yake kuu inamalizika kwa saa 30 hivi. Kwa ratiba yangu ni wiki sita. Ndani yake kuna mji ambao kila mwaka nambari kubwa huandikwa mbali ng'ambo ya bahari, na waliofikia umri huo wanatoweka. Nambari hupungua kwa moja kila mwaka, na gemu inaanza siku inapofika 33. Katika saa ya kwanza Gustave anamsindikiza Sophie, mwanamke aliyempenda, hadi bandarini, wakijua wote kwamba zamu yake imefika. Hakuna pumba hapo. Aliyeiandika aliheshimu muda wa anayecheza, na kwa hadithi inayohusu watu waliohesabiwa miaka, nadhani hilo lilikuwa sharti.

Mashine nazo zimesogea upande wetu. Dragon Quest ya 1986 ilimtaka Mjapani aandike kwenye karatasi herufi 20 ili kesho aendelee alipoishia, akikosea moja basi. Miaka ya diski ilibidi ufike mahali maalumu ndipo usevu, yaani uhifadhi ulipofikia, na umeme ukikatika kabla ya hapo, jioni nzima imekwenda. Siku hizi kwenye mashine za kushika mkononi kama Nintendo Switch au Steam Deck unabonyeza kitufe katikati ya pambano, mashine inalala, unakwenda kumfungulia mgeni mlango. The Witcher 3 ina kiwango chepesi kwa anayetaka hadithi tu, na kila unapoirudia inakusimulia kwa kifupi ulikoishia. Wapo vijana wanaoona kiwango chepesi ni aibu. Mtu mwenye saa tano kwa wiki asiwasikilize.

Kwa hiyo kwangu gemu moja ndefu kwa mwaka inatosha, na moja fupi. Jumatatu hadi Alhamisi mashine haiwashwi, tangu ile Jumatano. Ijumaa saa tatu usiku, vyombo vikishaoshwa, hadi saa tano na nusu. Mke wangu alikubali ratiba hiyo kwa sharti kwamba Jumapili yote si yangu, nami nimeona sharti hilo ni la haki.

Ijumaa iliyopita tulifika pale ambapo shujaa wa Dragon Quest XI anajikuta amerudi nyuma, kijijini kwake, wakati babu yake aliyemlea bado yuko hai. Yule mzee anamtambua, ingawa mjukuu anayemjua ni mtoto mdogo. Anamwelekeza mahali pa kuchimba. Shujaa akirudi wakati wake anakikuta kijiji kimeteketezwa, anakwenda kuchimba, anapata barua mbili, moja ya mama yake na moja ya babu. Niliisoma ya babu kwa Kiswahili, polepole, nikitafuta maneno ambayo baba yangu angeyatumia. Binti yangu hakuuliza kitu. Nilipozima nikaliona daftari amelifungua, ameandika: "Babu alijua. Barua zilikuwa chini ya jiwe. Wiki ijayo mji wa Hotto." Halafu akaniuliza kama babu yake, ambaye hakuwahi kumwona, naye aliacha barua. Nilimwambia hakuacha, lakini kuna kanda moja ya sauti kwa shangazi yake Tanga, tutaiomba.