Babu, Nimezima

Leo tena gari limenizimikia Barabara ya Lamu, jua la saa saba, mbele ya tuktuki nzima za Malindi. Kijana mmoja akatoa kichwa: "Ciao, bosi! Nikuvute?" Mimi, mwenye turbo, nivutwe na tuktuki! Nikajifanya napokea simu. Simu yenyewe haikuwa na chaji.

Gari ni Mjapani wa 1996. Turbo yake, ile ya kuisukumia injini hewa, inasukumwa na moshi wa injini, na feni iliyomo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ukiizima ghafla ikiwa ya moto, oili huungua ikagandia humo kama ukoko. Ndipo nikafungiwa taima: unachomoa ufunguo, injini inaendelea kunguruma dakika mbili, halafu inajizima yenyewe. Jambo la kiungwana kabisa.

Basi juzi nimeegesha Shela, nawahi Isha. Nimechomoa ufunguo, nimefunga mlango, natengeneza kofia. Mzee wa kahawa ananitazama.

"Mjukuu wangu, umesahau kuzima gari."

"Nimezima, babu."

"Mbona languruma?"

"Linapoa."

"Lapoa kwa kuwaka?"

Nikamwonyesha ufunguo. Hapo ndipo nilipokosea. Mpaka dakika ile alinidhania msahaulifu tu. Akaweka dele chini pole pole.

"Ufunguo u mkononi mwako, na gari lawaka. Ndani yumo nani?"

"Hamna mtu, babu."

"Ndilo nililoliogopa."

Baraza zima likainuka. Mmoja akachungulia uvunguni, mwingine akasogeza watoto. Nikaanza kueleza: moshi, feni, oili, ukoko. Nilieleza vizuri, hata mimi nilijipenda. Mzee akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na lilipokuwa likizimwa na mtu, lilikuwa na ubaya gani?"

Wallahi jibu nalitafuta hadi leo.

Wakati huo mzee mwenziwe alikuwa keshaanza kusoma. Akasoma kwa utulivu, akamaliza, akalipulizia boneti: fuu! Na dakika mbili zikaisha papo hapo. Gari kimya.

Nani atanisikiliza tena? Mzee yule sasa haendi kwa miguu, anafuatwa. Jana kaitwa kwenye jenereta.

Huku kuzimika kwa mchana ni balaa jingine, na hili nimelinunua kwa pesa zangu. Kijana wa gereji aliniambia, bosi, turbo bila mlio ni nini? Akanifungia valvu ya kutoa hewa nje: ukiachia mafuta, pshhh! Wiki ya kwanza nilikuwa naachia mafuta hata pasipo na haja. Kumbe sensa ya mbele, kile kipimo cha hewa inayoingia, imeshaihesabu hewa ile, na kompyuta imeshaipimia petroli yake. Ni kama karani wa bandarini aliyeandika magunia kumi, matatu yakatupwa baharini, naye akapika ubwabwa wa magunia kumi. Petroli inazidi, injini inakabwa, puh, imezima. Tena huzima pale pale penye watu, Karisa na Kahindi wote wanaangalia. Nimemlipa fundi wa kwanza aifunge, wa pili abadilishe plagi ambazo hazikuwa na kosa lolote, na wa tatu anataka nimlipe airudishe ile ya zamani. Ya zamani iko wapi? Wa kwanza kashaiuza.

Ya kutu sisemi. Anayekaa karibu na bahari anajua.

Sasa liko nyumbani chini ya mwarobaini, na mbuzi wa jirani wamehamia uvunguni. Walianza wawili. Leo yupo na beberu, nikishika mlango ananikodolea macho kama mwenye nyumba. Nimemwambia jirani awatoe, akanijibu, "Si uliwashe tu, watakimbia." Niliwashe! Huyu huyu jirani mbuzi wake alinilia kofia ya vito Ramadhani iliyopita, kofia ya kuozeshea, na mpaka leo anashikilia kuwa ilichukuliwa na kaskazi. Kaskazi gani ya kuacha alama za meno?