Fidia ya Kuachishwa Kazi: Kodi Ikatwe, Lakini Isikatwe kwa Mkupuo

Mfanyakazi aliyefutwa kazi nchini Kenya akikubaliana na mwajiri wake wa zamani kuimaliza kesi nje ya mahakama, mara nyingi husoma kiasi kimoja kwenye makubaliano na kukuta kingine benki. Kilichopungua ni kodi. Mwajiri husema alilazimika kuikata. Mfanyakazi husema fidia si mshahara, na kwamba ahadi imevunjwa.

Mwajiri ana msingi imara. Kifungu cha 49(2) cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kwamba malipo yanayotolewa chini ya kifungu hicho yatakatwa makato ya kisheria. Mtu anaweza kujibu kwamba makubaliano ya hiari si amri ya mahakama, lakini jibu hilo halifiki mbali, kwa kuwa Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 5(2)(c), inahesabu fidia ya kuvunjwa kwa mkataba wa ajira kuwa mapato, iwe mkataba uliitaja au haukuitaja. Mwajiri asiyekata kodi hiyo hudaiwa yeye mwenyewe na Mamlaka ya Ushuru, KRA, hata kama fedha zote zimekwisha kumfikia mfanyakazi.

Hoja ya mfanyakazi, hata hivyo, ina uzito wa haki. Fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki, ambayo mahakama inaweza kuifikisha mishahara ya miezi 12, hailipwi kwa kazi iliyofanywa bali kwa dhuluma iliyotendwa. Uingereza imelikubali wazo hilo kwa kiasi fulani: pauni 30,000 za kwanza za fidia ya kupoteza ajira hazitozwi kodi ya mapato. Naamini Bunge la Kenya lingefaa kuweka kiwango cha msamaha cha namna hiyo. Lakini ombi hilo ni la kupelekwa bungeni. Karani wa mishahara hana mamlaka ya kutoa msamaha ambao sheria haijautoa.

Anachoweza kufanya karani ni kukata kwa usahihi, na hapa ndipo waajiri wengi wanapokosea. Tuchukue mtu aliyekuwa akilipwa shilingi 80,000 kwa mwezi, asiye na mapato mengine, ambaye amekubali fidia ya mishahara 10, yaani shilingi 800,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, na bila kuhesabu makato mengine, fedha hizo zikichukuliwa kuwa mshahara wa mwezi mmoja zitakatwa kodi ya takriban shilingi 239,900, kwa sababu sehemu yake kubwa inapanda hadi viwango vya asilimia 30 na 32.5. Zikigawanywa kwa miezi 10, kodi yote inakuwa takriban shilingi 163,800. Tofauti ya shilingi 76,000 inakaribia mshahara wake mzima wa mwezi, na inatokana na namna ya kuhesabu tu. Sheria yenyewe inataka fidia ya aina hii isambazwe katika kipindi kinachofuata kuvunjwa kwa mkataba, isirundikwe kwenye mwezi wa malipo.

Wapo wanaosema kwamba kilichozidi hurudishwa mfanyakazi anapowasilisha ritani yake, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni. Ni kweli kwamba anaweza kukidai. Lakini kumtaka mtu asiye na kazi, mwenye kodi ya nyumba na karo za watoto, angoje fedha ambazo hazikupaswa kukatwa ni kumwongezea mzigo aliyekwisha kuelemewa.

Jambo lingine ni mchanganyiko wa malipo yenyewe. Ndani ya kiasi kimoja huweza kuwamo mshahara uliocheleweshwa, ambao kikodi ni wa mwaka ulipofanyiwa kazi, pamoja na siku za likizo, malipo ya notisi, fidia na gharama za wakili. Gharama hizo si malipo ya kazi, na zikifichwa ndani ya jumla ni vigumu kuzitenganisha baadaye.

Kwa hiyo wakili wa mfanyakazi adai makubaliano yataje kila sehemu na kiasi chake, yaseme wazi kama kiasi hicho ni kabla au baada ya kodi, yaeleze fidia itasambazwa kwa miezi mingapi, na yamlazimu mwajiri kutoa fomu ya P9, inayoonyesha malipo ya mwaka na kodi iliyokatwa, pamoja na uthibitisho kwamba kodi iliyokatwa imefika KRA.