Mama Mkubwa Aliyezidi Kwenye Hesabu

Mtu anayeongoza watu kuvuka Ghuba ya Mont-Saint-Michel kwa miguu ana hofu moja kubwa: kufika ng'ambo, ahesabu watu wake, akute pungufu. Mchanga wa kule una mahali unameza mguu, ukungu unashuka bila taarifa, na maji yakianza kujaa hayangoji mtu afunge kamba za viatu. Kwa hiyo anahesabu wakiondoka, anahesabu wakivuka mto, anahesabu wakifika. Yule wa siku ile alihesabu akakuta kazidisha mmoja.

Aliyezidi ni mama yangu mkubwa, mkazi wa Tanga.

Alikuwa amekuja Ufaransa kumtembelea binti yake, dada yangu mimi, anayeishi Rennes. Nami nilikuwa nimepanda treni kwenda kumwamkia. Wiki ya kwanza Mama mkubwa alivumilia kukaa ndani akiangalia majirani wanaotembeza mbwa. Ya pili akauliza kama nchi hii haina bahari. Dada akaona apelekwe Mont-Saint-Michel, mpakani mwa Brittany na Normandy, mwendo wa saa moja hivi kwa gari: kisiwa cha mwamba chenye abasia, makao ya watawa, kileleni, na maji yanayokuja na kuondoka yakikizunguka.

Dada ni mtu wa mipango. Tiketi za abasia alinunua kwenye intaneti, saa zikiwa zimeandikwa. Jedwali la maji alilichapisha. Wafaransa wana namba zao za kupima ukubwa wa maji, kuanzia 20 hadi 120, na ya siku ile, mwezi Septemba, ilikuwa imepita 110. Mama mkubwa alipoonyeshwa ile karatasi hakuishika hata kuishika.

"Mwezi si ulijaa juzi? Leo bamvua, maji makubwa. Karatasi ya nini?"

Magari yanaachwa bara, kilomita mbili na nusu kutoka kisiwani, halafu unapanda basi lenye usukani mbele na nyuma, ili dereva asihangaike kugeuza darajani. Mama mkubwa alikaa akitazama ule usukani mtupu wa nyuma njia nzima, akiwa na wasiwasi nao. Daraja lenyewe ni la 2014. Kabla yake palikuwa na tuta la mawe lililojengwa 1879, likazuia maji yasipite, tope likajaa miaka na miaka mpaka kisiwa kikaanza kugeuka shamba. Ikabidi tuta livunjwe ili bahari irudi kazini kwake. Nilikuwa naeleza hayo yote kwa ufasaha mkubwa. Mama mkubwa alikuwa anatazama nje.

"Maji yamekupwa mpaka hayaonekani," akasema. "Huku pweza wanaokotwa na nani?"

Tanga bahari inapanda na kushuka mita tatu, nne hivi. Pale, siku za bamvua kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 14, na bahari inarudi nyuma zaidi ya kilomita kumi. Hakuna aliyekuwa anaokota chochote. Kwake yeye hiyo ilikuwa israfu.

Langoni kuna mizinga miwili mikubwa ya chuma ambayo Waingereza waliiacha mwaka 1434, baada ya kuzingira kisiwa miaka na miaka bila kuingia. Sisi tuliingia, ila ndiyo kusema tulimezwa. Wakazi wa kudumu wa pale ni makumi tu, lakini wageni kwa mwaka ni kama milioni tatu, na barabara ya maana ni moja, nyembamba, maduka huku na huku, wanaopanda wakikutana kifua kwa kifua na wanaoshuka. Kariakoo siku ya kuamkia Idi ina nafasi zaidi. Katikati ya msukumano ule tukasikia mayai yakipigwa kwenye bakuli za shaba kwa mdundo kabisa, kama ilivyo desturi ya pale tangu enzi za Annette Poulard, mama ntilie aliyepata jina karne ya 19 kwa kuwakaangia mahujaji mayai. Dada alitaja bei ya sahani moja. Mama mkubwa akasimama katikati ya njia.

"Yana chipsi ndani?"

Hatukuwahi kujibu. Kundi zima la watu wenye kofia za aina moja lilishuka, kundi jingine likapanda, na tulipopata pumzi tulikuwa mimi na dada peke yetu, mbele ya kanisa dogo la parokia. Simu ya Mama mkubwa haikuwa na msaada wowote: laini ni ya Tanzania, inaongea WhatsApp tu, tena mpaka ipate intaneti ya kuombea. Dada akarudi chini kutafuta. Mimi nikaambiwa nipande, maana Mama mkubwa si mtu wa kubaki nyuma, pengine keshatutangulia.

Ngazi hadi abasia zinafika kama 350. Juu kuna uwanja unaotazama magharibi, bahari yote imetandazwa chini yako, rangi ya majivu. Watu walikuwa wanapiga picha. Nami nikachungulia, nikaona mbali kwenye mchanga mstari wa watu wadogowadogo wakielekea kaskazini, upande wa kisiwa cha Tombelaine. Wa mwisho, nyuma kidogo ya wenzake, alikuwa amejifunga kanga nyekundu na anainama kila baada ya hatua chache kuokota kitu.

Nikampigia dada.

"Mama yuko baharini."

Kimya.

"Baharini vipi?"

"Anatembea. Anazidi kwenda."

"Yuko na nani?"

"Kundi la watu kama 40. Mbele kuna mwanaume ameshika fimbo."

"Nani huyo, Nabii Musa?"

Niligeuka nirudi mlangoni nilikoingilia. Mlinzi akaninyooshea mkono: njia ni moja, mbele tu. Nikamweleza habari ya mama mkubwa. Akanihurumia sana, akaninyooshea mkono uleule. Basi karne zote za Ukristo wa Normandy nikazipita mbio. Kanisa, mbio. Ua wa watawa wenye nguzo nyembamba mistari miwili, moja ya sehemu zilizojengwa karne ya 13, ambazo Wafaransa wenyewe wanaziita Ajabu, mbio. Ukumbi wa kulia chakula, mbio, huku nikiwaomba radhi Wajapani. Chini ya kanisa kuna nguzo nene zinazobeba altare ya juu. Hizo nilizizunguka mara mbili kwa sababu mshale wa njia ulikuwa umezibwa na mtalii. Halafu nikakuta gurudumu kubwa la mbao, refu kupita mtu, ambalo wafungwa walitembezwa ndani yake ili kuvuta vyakula kutoka chini kwa kamba. Mahali pale palikuwa gereza mpaka 1863. Kila mlinzi niliyemwomba njia ya mkato alinipa sababu mpya ya kuuelewa ule uamuzi wa kupafanya gereza.

Nilipotoka, dada alikuwa ameshapata habari kamili kwa mwenye duka. Kuna makundi yanayovuka kwa miguu kutoka fukwe za Genêts, ng'ambo ya kaskazini, yanapumzika kisiwani kidogo, halafu yanarudi kulekule. Kwa mchangani ni kilomita sita, saba. Kwa barabara unazunguka ghuba nzima, zaidi ya 30. Na jedwali lilikuwa linasema maji yanarudi jioni.

Watu wa kule wana msemo kwamba maji ya ghuba yao huja kwa kasi ya farasi. Ukweli ni mwendo wa mtu anayetembea harakaharaka, ila mtu huyo hachoki, hasimami kupiga picha, na anakuja pande zote. Dada aliendesha bila kusema neno mpaka Avranches, mji ambao askofu wake, Aubert, ndiye aliyeanzisha ibada kwenye ule mwamba mwaka 708. Inasimuliwa Malaika Mkuu Mikaeli alimtokea ndotoni akamwagiza ajenge, Aubert akapuuza, akamtokea tena, akapuuza tena. Mara ya tatu malaika akamgonga kichwa kwa kidole mpaka fuvu likatoboka, na fuvu lenye tundu limehifadhiwa pale Avranches, kanisa la Saint-Gervais. Nikamkumbusha dada hiyo habari, ili kupunguza ukimya.

"Mara ya tatu?" akasema. "Mama mimi nimemwambia asituache mkono tangu Rennes."

Simu yake ikalia. Ujumbe wa sauti, upepo mtupu, kisha: "Wanangu, niko ng'ambo. Mmenipotea wapi?"

Tulimkuta ufukweni, chini ya vichuguu vya mchanga, miguu ya kijivu mpaka magotini, amekalia koti la mtu, mkononi kipande cha keki. Pembeni yake walikuwa wanawake wa makamo wa Kifaransa, wanacheka kila anaposema kitu, na anayosema ni ya Kiswahili.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Pumzi ilimbana langoni, akatoka nje kupunga upepo. Akaona watu pekupeku, suruali wamekunja, wanaelekea mchangani. "Nikasema, hawa ndio wenye akili hapa." Alidhani wanakizunguka kisiwa.

Maelezo ya mwongozaji yalikuwa marefu. Hesabu ya kwanza ilikuwa sawa, kwa sababu Mama mkubwa alikuwa bado nyuma anaokota makombe. Walipofika kuvuka mto, maji ya magoti, akahesabu, wakazidi. Akahesabu kwa Kiingereza. Wakazidi tena. Akawapanga wawiliwawili, akabaki Mama mkubwa peke yake. Kumrudisha haiwezekani, kumwacha haiwezekani, na bahari iko njiani. Ikabidi aende.

Kumbe hapo katikati kijana mmoja mguu ulikuwa umezama. Ule mchanga ukiutikisa unalainika, maji yaliyomo yanauachanisha. Mguu ukiingia, ukivuta kwa nguvu ndiyo unakamatwa. Mwongozaji alikuwa bado anafungua mdomo atoe somo lake, somo ambalo hulipamba kwa kutaja kile kitambaa maarufu cha Bayeux, chenye picha ya Harold, baadaye mfalme wa Uingereza, akiwavuta askari kutoka tope hilohilo. Mama mkubwa keshafika, keshamshika kijana kiuno. "Tulia. Tikisa mguu polepole. Usivute! Hujawahi kuingia mikokoni wewe?" Mguu ukatoka. Kiatu kikatoka. Watu wakapiga makofi, na historia ya Harold ikaahirishwa.

Lililobaki ni malipo. Mwongozaji, kwa adabu, akamwambia dada kwamba safari ina nauli yake. Dada akafungua mkoba. Mama mkubwa akauliza wanasema nini, akaambiwa.

"Hao wengine wamekwenda na kurudi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nimekuja tu. Nusu."

Dada akatafsiri akiwa ameinamisha uso. Mwongozaji akafikiri, akakubali nusu. Mama mkubwa akataka na ya kumtoa kijana matopeni ikatwe humo, hapo ndipo dada alipokataa kutafsiri.

Tukadhani tumemaliza. Garini Mama mkubwa akatazama miguu yake.

"Viatu vyangu viko kule."

"Kule wapi, Mama?"

"Kisiwani. Nimeviweka ngazini, nje ya ukuta."

Dada akatoa lile jedwali lake kwa mkono unaotetemeka: maji yanajaa kabisa karibu saa tatu usiku, kipande cha mwisho mbele ya lango kinafunikwa.

"Nimeviweka juu ya alama ya mwani," Mama mkubwa akasema. "Mimi mtoto?"

Tukazunguka ghuba upya. Tulipofika darajani maji yalikuwa yamefunga lango, mamia ya watu wamesimama kwenye baridi wakishangilia, na viatu vya Mama mkubwa vinaonekana ng'ambo, jozi nzima, vikavu, juu ya maji kidogo sana. Tukangoja yapungue. Kileleni ile sanamu ya dhahabu ya Mikaeli iliyowekwa 1897 ilikuwa imewashiwa taa, ndipo Mama mkubwa akakumbuka kilichotuleta.

"Juu kule kuna nini?"

Nikamwambia: ngazi kama 350, nguzo, kumbi, gurudumu la wafungwa. Tiketi yake ilikuwa bado mkobani kwa dada, haijaguswa.

"Na mayai je?"

"Mayai yako chini, barabarani," dada akasema. "Chipsi hawaweki."

"Basi leteni viatu twende."